Kabla ya Transfoma Mahiri, Pima Mkia wa Laini

Hotuba iliyotolewa Mtwara mjini mbele ya mafundi umeme, wahandisi na wanafunzi. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani imeachwa.

Ndugu mwenyekiti, wahandisi wenzangu, mafundi wa laini mliotoka Masasi, Newala, Nachingwea na Lindi mjini, wakufunzi wetu, vijana wa vyuo, itifaki imezingatiwa. Habari za asubuhi?

Hakuna asiyeijua hali hii: taa zinafifia kidogo, feni inapunguza mwendo, kisha fida nzima, yaani laini kuu inayolisha mitaa kadhaa, inazimika. Ukiuliza unaambiwa mashine imetoka, yaani jenereta moja imezimika. Sawa, mashine imetoka. Lakini mashine moja ikitoka, kwa nini zizime fida tatu? Kwa nini nyumba zote zisibaki na umeme, kila moja ikapunguziwa kidogo tu kwa dakika mbili mpaka mashine nyingine ishike mzigo? Hilo ndilo swali la leo. Linahusu masafa ya umeme, yaani wimbi la umeme linajirudia mara ngapi kwa sekunde, na linahusu transfoma za elektroniki, hizi zinazoitwa transfoma mahiri, kama kweli zinaweza kuyashikilia masafa yasianguke.

Jibu nalitoa mapema. Zinaweza, kwa kiasi, kwa muda mfupi, na kwa sharti moja: mteja wa mwisho kabisa kwenye laini awe na volti za kukopesha, yaani za ziada juu ya kiwango cha chini anachohitaji. Asipokuwa nazo, mtanunua chombo cha bei mbaya ambacho siku ya shida hakitakuwa na cha kufanya.

Tuanze na masafa yenyewe. Umeme wetu ni wa hezi 50. Jenereta zote zilizounganishwa kwenye mfumo mmoja huzunguka zikiwa zimefungamana. Mzigo ukizidi nguvu inayoingizwa na injini, tofauti hiyo haitoki hewani. Inatolewa kwenye mzunguko wa vyuma vyenyewe, na mwendo unashuka. Lori la korosho likianza kupanda mlima wa Newala, mwendo unaanza kushuka kabla dereva hajakanyaga mafuta, na uzito wa lori ndio unaoamua unashuka haraka kiasi gani. Uzito huo kwa upande wa umeme unaitwa inesha. Gavana ya injini, yaani kidhibiti cha mafuta au gesi inayoingia, ndiyo dereva, na dereva siku zote anachelewa.

Mtwara na Lindi zimeishi miaka mingi nje ya Gridi ya Taifa, zikilishwa na injini za gesi ya Mnazi Bay zilizopo hapa hapa Mtwara. Zile tisa za mwanzo zilikuwa za megawati 2 kila moja. Tufanye hesabu ya mfano. Chukueni mfumo mdogo wenye mitambo ya jumla ya MVA 20 inayozunguka (MVA, megavolti-ampea, ni kipimo cha ukubwa wa mitambo; kVA ni sehemu yake ya elfu), na inesha ya sekunde 1, yaani mzunguko wenyewe ungeweza kubeba mzigo kamili kwa sekunde 1, kiwango kisicho cha ajabu kwa injini za pistoni. Injini moja iliyobeba megawati 2 inatoka. Kasi ya kushuka kwa masafa ni 50 mara 2, gawanya kwa 2 mara 1 mara 20. Mnapata ngapi? Hezi 2.5 kwa sekunde. Yaani kutoka 50 mpaka 49 mna sekunde 0.4. Hakuna gavana ya injini ya gesi itakayoongeza megawati 2 ndani ya sekunde 0.4.

Sasa chukueni mfumo wa MVA 2,000 wenye inesha ya sekunde 4, halafu utoe mtambo wa megawati 235, ukubwa wa turbaini moja ya Bwawa la Julius Nyerere. Hesabu ileile inatoa hezi 0.73 kwa sekunde. Mtambo uliotoka ni mkubwa zaidi ya mara mia moja, lakini masafa yanashuka taratibu kuliko huku kwetu. Ndiyo maana mradi wa njia ya kilovolti 220 kutoka Songea kupita Tunduru na Masasi hadi Mahumbika una faida ambayo haitajwi sana: pamoja na megawati, unaleta uzito. Lakini laini ndefu kama ile ikikatika njiani, mnabaki kisiwa tena, dakika ileile, na mzigo uliokuwa unabebwa na laini unawaangukia hapa. Kwa hiyo asiwepo wa kusema kwamba tukishaungana na gridi mada hii imekwisha. Haijaisha. Imehamia kwenye ile siku laini inapokatika.

Kinachotulinda leo ni relei za masafa ya chini, yaani swichi za kujiendesha zinazopima masafa. Masafa yakifika kiwango kilichopangwa, relei inafungua swichi ya fida na kuikata. Ni njia ya kikatili lakini inafanya kazi, na sitaki mtu atoke hapa akidhani nimeibeza. Ubaya wake ni kwamba haichagui. Inaangusha hospitali na baa kwa pamoja, na ikiangusha fida yenye paneli nyingi za sola mchana, imeondoa pia umeme uliokuwa unasaidia.

Transfoma mahiri ni nini hasa? Wazo lake ni la zamani. William McMurray wa General Electric huko Marekani alipewa hataza ya muundo wa aina hii mwaka 1970. Transfoma ya kawaida ni chuma, shaba na mafuta. Hii ina hatua tatu. Ya kwanza inapokea AC, yaani mkondo geu, ya kilovolti 11 au 33 na kuigeuza kuwa DC, yaani mkondo mnyoofu kama wa betri, kwa seli nyingi zilizopangwa mfululizo kwa sababu swichi moja ya semikonda haiwezi kubeba volti zote hizo peke yake. Hatua ya pili inakatakata hiyo DC kwa maelfu ya hezi, inaipitisha kwenye kiini kidogo cha sumaku, kisha inairudisha kuwa DC ya volti 700 au 800. Kiini ni kidogo kwa sababu masafa ya ndani ni makubwa. Hatua ya tatu inatengeneza upya AC ya volti 400 na 230 kwa ajili ya wateja. Inatengeneza upya, zingatieni hilo. Wimbi analolipata mteja si lile lililoingia juu. Volti zake unazipanga wewe, masafa yake unayapanga wewe, na kila fezi unaweza kuishughulikia peke yake.

Kutokana na hilo zinapatikana njia tatu za kusaidia masafa, na hazilingani umuhimu.

Njia ya kwanza ni volti. Mzigo mwingi ukipunguziwa volti unakula nguvu kidogo. Pasi, jiko la koili, hita ya maji na taa za zamani hupungua kwa mraba wa volti: shusha volti asilimia 5, nguvu inashuka asilimia 9.75. Vifaa vyenye pawasaplai ya elektroniki, yaani televisheni, chaja, taa za LED za kisasa na kiyoyozi cha inveta, havipungui; vikipewa volti kidogo vinavuta ampea zaidi ili wati zibaki zilezile. Mota ziko katikati, na zina tabia yake nitakayoirudia. Ukichanganya mtaa mzima unapata kipeo kimoja, yaani namba inayoonyesha nguvu inashuka kwa asilimia ngapi hivi volti zikishuka asilimia moja. Kikiwa 2, mtaa wote ni pasi. Kikiwa 0, mtaa wote ni chaja. Mitaa mingi inaangukia kati ya 0.5 na 1.5.

Twende kwenye namba. Transfoma ya kVA 400 imebeba kilowati 250. Kipeo ni 1.2. Ukishusha volti asilimia 5, unapata kilowati 15. Kipeo kikiwa 0.5, unapata 6. Kwa mzigo wa megawati 14, kila transfoma ikiwa mahiri na kipeo kikiwa 1.2 kila mahali, unapata takriban megawati 0.84. Je, hiyo inafunika injini ya megawati 2 iliyotoka? Haifuniki. Inafunika chini ya nusu. Anayewauzia transfoma hizi kwa maneno kwamba hamtakata fida tena, mwambieni awape namba ya kipeo cha fida yenu kwanza.

Kinachofanya njia hii iwe na thamani ni kasi. Transfoma yenye swichi ya tepu, yaani ya kuhamisha hatua za volti kwenye koili, inayobadilika ikiwa na mzigo, kama zile za vituo vya kupoza umeme, kwa kawaida inasubiri sekunde 30 hadi 60 kabla ya kuhama, kisha inahama hatua moja moja. Transfoma zetu za mtaani ni mbaya zaidi: tepu zake za asilimia 2.5 na 5 hazihami mpaka fundi azime umeme na kuzungusha kwa mkono. Ile ya elektroniki inaweza kubadili volti ndani ya wimbi moja. Kazi inayochukua muda ni kupima masafa. Dirisha la kupimia la sekunde 0.1 ni la kawaida, na kushusha volti kwa mteremko wa sekunde nyingine 0.1 kunazuia taa zisipepese. Jumla sekunde 0.2. Kwenye mfano wetu wa hezi 2.5 kwa sekunde, masafa yatakuwa yamefika 49.5 wakati punguzo la nguvu linakamilika. Unaona jinsi nafasi ilivyo finyu?

Mpango wa kawaida ni huu. Masafa yakiwa juu ya 49.95, transfoma haifanyi kitu. Chini ya hapo volti zinashuka kwa uwiano, mpaka 49.5 ambapo punguzo lote la asilimia 5 limetumika, volti 218.5. Kwa hiyo 49.7 inatoa volti 223.6. Kurudi juu si kwa papara. Majokofu na hita zilizopunguziwa nguvu hazijasamehe deni. Thermostati zake, yaani swichi za joto, zitabaki zimewaka muda mrefu zaidi, na baada ya robo saa hivi punguzo lako limeliwa. Ukirudisha volti transfoma zote kwa pamoja, umewaletea injini pigo la pili. Rudisha kwa dakika kadhaa, na kila transfoma ipewe kianzio chake tofauti.

Kama ushahidi kwamba wateja hawataandamana, angalieni kaskazini magharibi ya Uingereza. Kampuni ya usambazaji ya Electricity North West iliendesha mradi ulioitwa CLASS kuanzia mwaka 2013, kwenye vituo 60 vya kupoza umeme, kwa transfoma za kawaida za chuma na mafuta. Vituo vile vina transfoma mbili sambamba. Walipotaka msaada wa haraka wa masafa waliitoa moja kwenye mzigo. Iliyobaki inabeba mzigo wote, volti zinashuka papo hapo, na mzigo unapungua. Wateja waliohojiwa hawakuwa wametambua kitu. Angalieni vizuri kilichofanyika: hawakununua transfoma mahiri hata moja. Walinunua vidhibiti na mawasiliano, wakatumia chuma kilichokuwepo.

Njia ya pili ni masafa ya upande wa chini, yaani upande wa wateja. Hapa historia inatoka Ujerumani. Kanuni za zamani ziliagiza inveta za sola, yaani vigeuzi vya DC ya paneli kuwa AC, zijizime masafa yakifika 50.2. Zikiwa chache, hakuna shida. Zilipokuwa mamia ya maelfu, wahandisi wakashtuka: siku masafa yakigusa 50.2 mchana wa jua, zote zingejizima kwa sekunde moja, na nguvu itakayopotea ingezidi akiba ya megawati 3,000 ambayo Ulaya bara imeiweka kwa ajili ya ajali kubwa. Mwaka 2012 ikatoka amri ya kurekebisha inveta zilizokwishafungwa, paa kwa paa. Kanuni mpya inazitaka zipunguze taratibu: kuanzia 50.2, asilimia 40 ya nguvu kwa kila hezi moja, na kujitenga ifikapo 51.5.

Tabia hiyo transfoma mahiri inaweza kuitumia. Mchana sola ikizidi na masafa ya mfumo yakipanda, transfoma inapandisha masafa ya mtaa wake peke yake mpaka 50.5, na inveta zenye kanuni hiyo zinapunguza asilimia 12 bila waya wa mawasiliano wala intaneti. Kwetu msaada huu bado ni wa baadaye, sola za paa zikiwa nyingi. Lakini somo la mipangilio ni la leo. Mafundi mnaofunga inveta za sola Lindi na Mtwara, fungueni menyu, angalieni nchi iliyochaguliwa na mipaka ya masafa iliyowekwa kiwandani. Msiziache kama zilivyotoka kwenye boksi.

Njia ya tatu ni betri kwenye ile DC ya katikati. Vijana huwa wanauliza: si kuna kapasita pale, kile chombo kinachohifadhi chaji, kwa nini tusitumie nguvu yake? Hesabuni. Kapasita ya faradi 0.01 yenye volti 800 ina jouli 3,200. Kwa mzigo wa kilowati 100, hizo zinakwisha kwa sekunde 0.032. Hilo si hazina. Betri ya litiamu ya kilowati 50 ikiunganishwa pale inatoa kilowati 50 kamili, bila kumshushia mteja hata volti moja, na haijali kama mtaa ni pasi au chaja. Ukiniuliza mimi kipi kinasaidia masafa zaidi kwa shilingi ileile, nitasema betri. Betri yenyewe haihitaji transfoma mahiri. Inveta yake ya kawaida inatosha.

Hapa nataka mnisikilize sana, kwa sababu vipeperushi vya wauzaji havilisemi. Transfoma mahiri ikifungwa bila kupangwa kusaidia masafa, inaharibu. Kivipi? Leo mota zote za mashine za kusaga, pampu na feni zimefungamana na jenereta. Masafa yakishuka, zinapunguza mwendo na kula kidogo, na uzito wake unaozunguka unarudisha chembe ya nguvu kwenye mfumo. Msaada huo ni wa bure na haumhitaji fundi. Sasa weka katikati chombo kinachotengeneza wimbi jipya la hezi 50 safi wakati wote. Mota hazijui tena kwamba juu kuna shida. Zinaendelea kula kama kawaida. Umekata msaada uliokuwepo. Kwa hiyo sharti la kwanza kwenye mkataba wowote liwe hili: masafa ya upande wa gridi yapitishwe mpaka upande wa wateja, au volti zifuate masafa, na lijaribiwe mbele yenu kabla ya malipo ya mwisho.

Sharti la pili linatoka Uingereza tena. Tarehe 9 Agosti 2019, saa ya huko 16:52, ambayo kwa hesabu yetu ya Kiswahili ni saa 10 na dakika 52 jioni, radi ilipiga laini ya usafirishaji kaskazini ya London. Laini ilijirudisha yenyewe ndani ya muda mfupi, kama ilivyopangwa. Lakini shamba la upepo la baharini la Hornsea lilipoteza megawati 737, na turbaini ya mvuke ya kituo cha kuzalisha umeme cha Little Barford megawati 244. Juu ya hapo, mitambo midogo iliyosambaa kwenye mitandao ya usambazaji, jumla yake kama megawati 150, ilijizima kwa sababu relei zake zilisoma mruko wa ghafla wa wimbi zikadhani zimetengwa na gridi. Mingine ikafuata kwa sababu masafa yalikuwa yanashuka haraka kuliko mipangilio yake ilivyoruhusu. Masafa yakafika 49.1, yakaanza kupona, turbaini nyingine ya Little Barford ikatoka, yakafika 48.8. Hapo relei za masafa ya chini zikakata wateja zaidi ya milioni moja.

Umeme ulirudi kwa wote chini ya saa moja. Treni je? Kundi moja la treni lilikuwa na programu iliyozima treni masafa yaliposhuka chini ya 49, na baadhi zilijifunga kiasi kwamba dereva hakuweza kuziwasha. Fundi alilazimika kufuata treni moja moja akiwa na kompyuta mkononi. Abiria walikaa ndani kwa saa nyingi wakati mitaani taa zinawaka.

Kwa nini nawaeleza haya kwenye mada ya transfoma? Kwa sababu transfoma mahiri ni kompyuta kama zile. Inapima masafa kwa kufuata wimbi, na wimbi likiruka kwa sababu ya radi au swichi kufunguliwa, kipimo kinaweza kuonyesha masafa ya uongo kwa sehemu ya sekunde. Transfoma 50 zenye programu moja zitakosea pamoja. Kwa hiyo wekeni sharti kwamba kipimo kithibitishwe kwa angalau mawimbi matano, na volti zikiwa zimeporomoka wakati huohuo, yaani kuna hitilafu ya laini, chombo kisiamini masafa mpaka volti zirudi.

Sasa tuje kwenye mkia. Ndiyo sehemu ninayoijali kuliko zote.

Laini zetu za vijijini ni ndefu. Chukueni laini ya volti 400 ya mita 800, waya wa alumini wa milimita za mraba 50, ukinzani wake takriban omu 0.64 kwa kilomita. Mwishoni kuna mzigo wa kilowati 20 uliogawanywa sawa kwenye fezi tatu. Ampea 29 kila fezi. Volti zinazopotea njiani ni 15. Mwanzoni una 230, mkiani 215. Ukishusha asilimia 5, mkiani unapata 203. Tukichukua mpaka unaotumika Ulaya wa asilimia 10 chini ya 230, yaani 207, umeshauvuka. Na huo ni mzigo uliosawazishwa! Nani humu ana laini iliyosawazishwa? Weka kilowati 5 kwenye fezi moja tu, kurudi kwake kukiwa kwa nyutro ya ukubwa uleule. Ampea 22, waya wa kwenda na wa kurudi, zinapotea volti 22. Jiko moja na pasi mbili, na mkia umebaki na 208 kabla transfoma haijashusha chochote.

Pale ndipo zilipo mashine za kukoboa na kusaga. Mota ya kawaida ikipata volti asilimia 90, nguvu yake ya kuzungusha inashuka hadi asilimia 81. Ikiwa imeshiba mahindi, inasimama. Ikisimama inavuta ampea mara tano au sita, inashusha volti zaidi, inasimamisha ya jirani. Ulitaka kupunguza mzigo, umeuongeza.

Basi pimeni. Hii haihitaji transfoma mahiri. Kwenye kituo cha kupoza umeme, siku swichi ya tepu inapohama hatua moja, rekodini volti na megawati kila sekunde, dakika mbili kabla na dakika mbili baada. Mfano: volti zimetoka kilovolti 33.0 hadi 32.6, punguzo la asilimia 1.21. Nguvu imetoka megawati 4.00 hadi 3.95, asilimia 1.25. Gawanya: kipeo ni takriban 1. Chukueni badiliko la sekunde ya kwanza au mbili baada ya tepu kuhama. Ukisubiri dakika tano, thermostati na wateja wenyewe wameshavuruga jibu. Rudieni saa saba mchana, saa mbili usiku, siku ya kazi, Jumapili, na tena viwanda vya korosho vinapoanza msimu, kwa sababu kipeo cha mchana wa viyoyozi si kipeo cha usiku wa majiko. Na kama chini ya kituo chenu kuna transfoma nyingine ya 33 kwa 11 yenye tepu yake ya kujiendesha, jueni kwamba baada ya dakika moja hivi itarudisha volti mlizoshusha. Ifungeni wakati wa kipimo.

Sambamba na hapo, wekeni kirekodi cha volti kwa mteja wa mwisho wa kila laini, fezi zote tatu, wiki nzima, wastani wa kila dakika. Fezi yenye volti ndogo kuliko zote ndiyo inayoamua. Ikiwa 225, mna cha kukopesha. Ikiwa 209, kazi yenu ya kwanza ni kusawazisha fezi, kufupisha laini au kusogeza transfoma katikati ya mzigo.

Kwa wale ambao mkia wao ni mzuri na bado wanataka elektroniki, kuna njia ya katikati: transfoma ya kawaida ya kVA 400 ikiongezewa kigeuzi kidogo cha kVA 20 hadi 40 kinachoongeza au kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya volti. Kigeuzi kikifa, unakipita pembeni na umeme unaendelea. Mota zinabaki zimefungamana na gridi. Haitoi DC wala masafa tofauti, lakini hapa kwetu ningeanzia hapo.

Transfoma kamili ya elektroniki ina matatizo matatu ya Pwani hii. Radi: vifaa vya kilovolti 33 kwa kawaida hujaribiwa kwa pigo la kilovolti 170, semikonda haina mafuta ya kuisitiri, kwa hiyo kizuia radi kifungwe kwenye terminali zenyewe, si nguzo ya jirani, na waya wa ardhi uwe mfupi na ulionyooka. Chumvi: feni inayovuta hewa ya bahari mpaka kwenye bodi italeta kutu na njia za umeme zisizotakiwa, dai kabati lililofungwa lenye kibadilisha joto. Joto: kapasita za elektroliti hupoteza karibu nusu ya maisha kwa kila nyuzi 10 za ziada, na boksi la chuma juani Masasi halina huruma. Juu ya hayo, hasara yake ni asilimia 2 hadi 4 ambapo chuma na mafuta hupoteza 1 hadi 1.5, na hasara hiyo inalipwa kila saa, masafa yawe mazuri au mabaya.

Fyuzi nalo ni jambo la uhai. Transfoma ya kawaida ya kVA 100 yenye impidansi, yaani ukinzani wake wa ndani, ya asilimia 4 inaweza kutoa ampea 3,600 kwenye shoti, na fyuzi inakatika papo hapo. Ya elektroniki inajibana kwenye ampea 200 au 290 hivi. Fyuzi ya ampea 100 itachukua sekunde nyingi kukatika, na waya umelala barabarani ukiwa na umeme. Mkifunga chombo hiki, badilisheni ulinzi wa upande wa chini wote, kabla ya kuwasha na si baada.

La mwisho. Mizigo mingine inaweza kusaidia masafa leo bila transfoma yoyote mpya. Pampu kubwa za maji, kama zile zinazopandisha maji kwenye nyanda za juu za Makonde, zikiwa na tangi lenye akiba, zinaweza kusimama dakika kumi bila mtu kuona. Relei moja ya masafa kwenye paneli ya pampu, iliyowekwa juu kidogo ya kiwango cha kukata fida, inatoa kilowati zake zote kwa mkupuo, mkia wa laini uwe na volti 225 au 205. Sharti ni pampu isirudi yenyewe. Irudishwe na opereta baada ya kuuliza chumba cha udhibiti, na vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma iwe nzima, la sivyo kila kusimama kwa ghafla kunaweza kupasua bomba. Orodha ya pampu hizo, ukubwa wa mota na ujazo wa matangi, kila wilaya inaweza kuitengeneza ndani ya mwezi huu. Ndugu wa Newala, naomba tuanze na ninyi.

Asanteni. Mwenyekiti, tupokee maswali, na tuanze na wale waliosimama nyuma.